Aliyepona Kwenye Daftari

Kontena la tatu asubuhi ile lilikuwa limebeba dagaa, na harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye mbao za sakafu. Tusajigwe aliingia na fagio gumu, ndoo ya sabuni na mpira wa maji, akaanza kusugua kutoka kule mwisho penye giza akija mlangoni. Jua la Kurasini likishalipiga bati, saa nne tu ndani ya kontena panakuwa tanuri. Wanaume hawakudumu na kazi hiyo. Walikuja, wakaosha wiki mbili, wakaona heri wakabebe mizigo bandarini. Tusajigwe alikuwa na mwaka wa nne.

Aliipenda kazi ile kwa sababu moja, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Waoshaji wote sita wa yadi walikuwa wamelowa kuanzia kiunoni hadi kwenye gambuti, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hakuna anayemwuliza mwoshaji mbona kalowa. Huko nyuma aliwahi kuuza kwenye duka la vitenge Temeke, akaambiwa asirudi. Aliwahi kupika kwa familia moja Mbezi Beach, na siku ya tisa godoro lake likatolewa uani mbele ya wageni. Kisha siku moja alipita Kurasini akawaona wanawake wanachuruzika maji mchana kweupe na hakuna anayewacheka, akaingia getini kuomba kazi. Wengine huchagua kazi kwa mshahara. Yeye aliichagua hiyo kwa ajili ya maji.

Mwenzake wa kontena alikuwa Zubeida, mama mtu mzima wa Mtoni, mwingi wa utani. Kila jioni, wenzao wakianza kujikausha ili warudi makwao, Zubeida alimgeuzia Tusajigwe mpira na kumlowesha kuanzia mgongoni hadi miguuni.

"Nenda na baridi yako, Mnyakyusa wee. Si mmeizoea huko Tukuyu."

Yadi nzima ilicheka, na Tusajigwe naye alicheka. Alirudi chumbani kwake Mtoni kwa miguu akiwa amelowa chapachapa, na njia nzima watu waliona maji ya bombani tu. Ilimchukua muda mrefu kujiuliza kwa nini Zubeida hamloweshi mwingine yeyote. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku hiyo, kabla hajamaliza kontena la dagaa, aliitwa ofisini kwa Mzee Masoud, mwenye yadi. Alivua gambuti mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu kiti."

"Ahsante, mzee. Nimelowa."

Pale yadini hilo lilikuwa jibu tosha. Kwingine kote ilibidi atafute jingine: nimekaa sana leo, mgongo unaniuma, napita tu. Mtu wa pwani humkaribisha mgeni kiti kabla ya kumwuliza habari, na anayekikataa huonekana ana jambo moyoni. Tusajigwe alikuwa amevikataa viti vya watu kwa miaka tisa, akahesabiwa kuwa ana maringo.

Mzee Masoud aliivuta tasbihi yake kidogo kabla ya kusema. "Mwanangu Aiman ameagiza mashine za kuoshea. Zinafika mwisho wa mwezi. Zitashikwa na vijana wawili wa kiume, basi. Nyie sita hakuna tena kazi."

Tusajigwe aligeuka kuzifuata gambuti zake mlangoni.

"Ngoja, sijamaliza. Wewe una cheti cha kidato cha nne, mie nimekiona. Nimemwambia Aiman, huyu binti miaka minne hajachelewa hata siku moja, hatoki humu hivihivi. Kibanda cha geti kinataka karani. Unaandika namba za makontena yanayoingia na yanayotoka, unagonga mhuri, saa moja mpaka saa kumi na moja. Mmekaa watatu kivulini, feni ipo. Na kiti chako kile pale."

Kilikuwa pembeni, kipya, bado kimefungwa nailoni yake. Kiti cha kuzunguka, cha kitambaa cha kijivu, chenye sponji nene.

"Kikalie basi, tukuone karani."

"Nitakichafua, mzee."

Mzee Masoud akacheka. "Haya. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao uje mkavu."

Alirudi kwenye kontena lake akasugua ubao mmoja mpaka Zubeida akamwuliza kama anataka kuutoboa. Alikuwa na furaha na hofu, na hakujua ipi inatangulia. Karani. Saa kumi nzima juu ya sponji, katikati ya wanaume wawili, na feni inayosambaza harufu. Hata akunje vitambaa vinne, asingefika saa nne. Ilimbidi apone kwanza, na alikuwa na wiki tatu na nusu.

Alhamisi akaomba ruhusa akaenda hospitali.

Wodi ilikuwa palepale, mwisho kabisa wa majengo, jirani na chumba cha kufulia. Nje, kwenye kamba, zilianikwa shuka zilezile za kijani. Wanawake walitembea polepole uani, kila mmoja ameshika ndoo yake ndogo iliyotumbukizwa ncha ya mpira wa mkojo, na mhudumu akipita na jagi kuwahimiza wanywe. Maji ndiyo yalikuwa somo la kwanza la wodi ile. Kunywa lita nne kwa siku, kibofu kioshwe, mshono usafike. Tusajigwe alipolazwa pale, Sista Elinaza, mkuu wa mradi wa wodi hiyo, alikuwa akisimama katikati ya vitanda akiwaambia kwamba mwenye fistula, tundu la kwenye kibofu, asiyekunywa maji anajichimbia kaburi.

Alikuwa amenenepa kidogo tangu miaka ile, na sasa alivaa miwani.

"Tusa! Jamani, umependeza. Karibu kiti."

Tusajigwe alibaki amesimama. "Shikamoo, sista. Bado natoka."

"Unatoka nini?"

"Mkojo."

Sista Elinaza alinyanyuka akaufunga mlango. Kisha akashusha kabatini daftari kubwa lenye jalada jekundu, akapekua, akaweka kidole.

"Hapa. Tusajigwe. Tundu kubwa, mlango wa kibofu umeliwa, upasuaji wa tatu. Dawa ya bluu, haikuvuja. Pedi, gramu sifuri. Mkavu. Amepona." Akamgeuzia. "Sahihi yangu hii."

"Siku ile sikunywa maji, sista."

Ukweli wenyewe ulikuwa huo, na ulikuwa mfupi. Kipimo cha mwisho wagonjwa walikiita mtihani. Baada ya wiki tatu mpira unatolewa, kibofu kinajazwa dawa ya bluu kuona kama tundu limeziba. Likiwa limeziba, mgonjwa anapewa pedi iliyopimwa kwenye mizani, anaambiwa atembee uani saa nzima, kisha pedi inapimwa tena. Aliyefaulu anavishwa kitenge kipya, anaimbiwa, anakwenda nyumbani. Aliyefeli anarudi kitandani anawatazama wenzake wanavyocheza. Tusajigwe alishafeli mara mbili. Mara ya tatu, mwanamke wa kitanda cha pili, aliyetoka Kilwa, alimnong'oneza usiku wa kuamkia mtihani: acha maji tangu saa kumi alfajiri, hata mate usimeze. Ilionekana wodi nzima inajua. Kutwa wanakunywa kama walivyofunzwa, ila siku hiyo moja hakuna anayekunywa. Na Tusajigwe aliwaza kuhusu Venance, mumewe, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi la nje siku mbili akimngoja, baada ya kumwambia kwa upole kabisa kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kungoja.

Basi hakunywa. Ulimi ulimgandia kinywani, kichwa kikamgonga, akaizunguka ile bustani saa nzima akiomba Mungu. Pedi ikatoka kavu. Akavishwa kitenge, akaimbiwa, Venance akalia mbele za watu. Cheti kikaandikwa: amepona. Njiani kurudi nyumbani alikunywa soda moja tu, na kabla ya kufika Temeke akajua.

Tundu lilikuwa limezibwa kweli, hilo hakuna aliyemdanganya. Lakini mlango wa kibofu ulikuwa umekufa siku tatu za uchungu wa uzazi, alipongoja gari la wagonjwa ambalo dereva wake alikuwa akingoja mafuta. Mtoto alizaliwa amekufa, na mlango ulikufa pamoja naye. Akikohoa, unatoka. Akiinuka, unatoka. Akikaa tu, unatoka. Na kile cheti ndicho kilichomwumiza zaidi. Miaka mitatu yote kabla ya cheti, Venance alimvumilia, akamfulia mashuka, akagombana na ndugu zake kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Baada ya cheti hakuwa mgonjwa tena. "Daktari ameandika umepona," alisema Venance asubuhi moja akiwa ameshika shuka lililolowa. "Sasa huu ni uvivu, Tusa. Huamki tu." Akaondoka mwezi uliofuata. Tusajigwe hakuweza kumlaumu sana, maana karatasi aliileta mwenyewe nyumbani.

"Kwa hiyo ulitudanganya," alisema Sista Elinaza.

"Ndiyo."

"Miaka sita yote umenyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nyie watu hamsikiagi."

"Wodi nzima walikuwa hawanywi, sista."

Sista Elinaza alivua miwani akaanza kuipangusa kwa pindo la gauni lake. Hakuuliza wodi nzima maana yake nini. Tusajigwe alimtazama akaelewa kwamba jambo hilo halikuwa geni kwake, na hilo lilimchoma kuliko kufokewa.

"Nilisikia kuna upasuaji mwingine," alisema. "Wa kuukaza mlango."

"Upo. Daktari Gervas anakuja kuufanya mwezi wa sita. Siyo kila mtu unamkubali, lakini upo."

"Niandike basi. Nimepata kazi ya kukaa. Nisipopona naikosa, na hii niliyonayo inaisha."

"Orodha ni ya wasiopona, Tusa. Wewe uko kwa waliopona. Nikikurudisha wewe nitaulizwa, na wengine je? Wangapi hawakunywa?" Akaivaa miwani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Wanaotupa uzi na dawa wanakuja kulisoma daftari hili. Likisema watu wanapona, wodi inabaki. Likisema hawaponi, wanapeleka kwingine. Wale uliowakuta pale nje niwapeleke wapi?"

Tusajigwe alikuwa amelala kwenye vitanda vile, alijua nje ya pale hakuna kwingine.

"Sikiliza," alisema Sista. "Jumamosi tuna wageni. Daktari Gervas atakuwepo. Natafuta mama wa kutoa ushuhuda, anayejua kujieleza. Useme dakika tatu tu. Uliumwa, umetibiwa, unafanya kazi mjini. Si kweli unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Basi. Ukimaliza, mie mwenyewe nakushika mkono nakupeleka kwake, nje ya daftari. Akikuona akakubali, jina linaingia." Alisita, akautazama mlango uliofungwa. "Ila asubuhi hiyo, Tusa, usinywe maji."

Walitazamana. Uani mhudumu alikuwa akiwasihi wanawake wamalize jagi.

Jumamosi Tusajigwe alifika saa mbili, akiwa hajatia kitu kinywani tangu Ijumaa jioni. Alivaa blauzi nyeupe na kitenge chake kizuri, na ndani alikuwa amekunja vitambaa vitatu. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya wodi. Viti vya mbele vilivikwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe wa zambarau, na mbele ya kila kiti palikuwa na meza ndogo yenye chupa za maji. Akaonyeshwa kiti chake, mstari wa kwanza. Hakuna aliyengoja amwambie kwamba amekaa sana leo. Akakaa.

Mgeni rasmi aliyetegemewa saa tatu alifika saa sita kasoro. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, shehe akaomba, msoma risala akasoma kwamba kati ya kila wanawake mia waliotibiwa, tisini na mbili wamekauka kabisa. Watu wakapiga makofi. Daktari Gervas alikaa viti vinne kutoka kwa Tusajigwe, mtu mrefu mwenye mvi, na kila baada ya dakika chache aliitazama saa yake.

"Daktari anaondoka ushuhuda ukiisha tu," Tusajigwe alimsikia Sista Elinaza akimwambia mhudumu wa chakula. "Umfungie vyake. Atakula uwanja wa ndege."

Basi hakutakuwa na kushikwa mkono. Tusajigwe alibaki anautazama mgongo wa Sista, na kwa mara ya kwanza hasira ilimpanda, hasira safi isiyochanganyika na aibu. Tena hata kama angeshikwa mkono, daktari angeona nini? Angemwona mwanamke aliyekaa saa nne nzima juu ya kitambaa cheupe bila doa. Angemtazama kama Venance alivyomtazama. Ukavu ndio uliomtia kwenye daftari lile, na leo alikuwa ameuleta tena kwa hiari yake, kwa kiu yake mwenyewe.

Aliinuka akaenda chooni. Akavitoa vile vitambaa vitatu, akavitupa kwenye pipa. Akarudi akakaa. Akaifungua chupa ya kwanza ya maji akainywa yote, taratibu, kisha ya pili. Bibi aliyekaa jirani yake, mke wa mfadhili mmoja, akamsogezea ya kwake kwa huruma, akisema joto la leo kali. Tusajigwe akashukuru akainywa nayo.

Kutoka upande wa pili wa turubai Sista Elinaza alimwona. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo tu, kama mama anavyomkataza mtoto mbele ya wageni. Tusajigwe aliendelea kunywa.

Mwili wake aliujua. Wakati mgeni rasmi yuko katikati ya hotuba, alianza kuhisi vuguvugu. Hakuubana, wala usingebanika. Hotuba ikaendelea, na yeye akakaa kimya mikono imepakatwa mapajani, machozi yanamlengalenga, akihisi kitambaa cheupe kinalowa chini yake mbele ya watu mia mbili. Aliona aibu mpaka masikio yakawa yanamuuma. Lakini hakuinuka.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "tumsikie shujaa wetu."

Tusajigwe akasimama. Kabla ya kukiendea kipaza sauti alikishika kile kiti kwa mikono miwili akakigeuza kiwaelekee wageni.

"Naitwa Tusajigwe," alisema. "Nilipasuliwa mara tatu katika hospitali hii. Tundu lilizibwa kweli, na walioliziba Mungu awabariki. Lakini bado natoka. Siku ya kipimo sikunywa maji, ndiyo maana nikaandikwa nimepona. Leo nimekunywa. Nilitaka daktari aone kabla hajaondoka."

Jenereta liliunguruma nyuma ya wodi. Mgeni rasmi aliitazama karatasi yake. Nyuma kabisa, wale wanawake wenye ndoo ndogo walikuwa wamesimama wote.

Mshereheshaji hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kuiokoa shughuli, akaiokoa. "Makofi kwa dada yetu," alisema, "furaha imemzidi. Si jambo dogo alilopitia. Kwaya, tafadhali."

Kwaya ikaimba. Daktari Gervas aliinama kuelekea kwa Sista Elinaza akamwuliza jambo, na Tusajigwe, aliyekuwa karibu, alilisikia.

"Huyu yuko kwenye orodha ya mwezi wa sita?"

"Ataandikwa, daktari."

"Aandikwe." Akaitazama saa yake, akachukua mkoba.

Kitenge cha zawadi kilikuwa mikononi mwa mgeni rasmi, naye hakujua akifanyeje. Sista Elinaza akakichukua, akakikunjua, akamzungushia Tusajigwe kiunoni juu ya kile kilicholowa, akakikaza fundo kwa nguvu. Uso wake ulikuwa karibu sana, na nyuma ya miwani macho yake yalikuwa mekundu.

"Tabasamu," alinong'ona. "Siyo kwa ajili yangu. Kwa ajili ya wale walioko wodini. Nakuomba, mwanangu."

Tusajigwe aliwatazama wale wanawake wa nyuma na ndoo zao. Mpiga picha alikuwa ameshapiga goti. Wahudumu wawili walikuwa wanakibeba kile kiti kukipeleka nyuma ya turubai. Akatabasamu.

Jumatatu alimwomba Mzee Masoud amngoje hadi mwezi wa sita. Mzee akashangaa. Akamwuliza kama anaumwa, na Tusajigwe, aliyesema kila kitu mbele ya watu mia mbili, hakuweza kulitamka neno lile mbele ya mzee mmoja aliyemwita binti yangu. Akasema haumwi.

"Basi ni nini? Mie nimekupigania kwa Aiman."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Aiman hangoji," alisema Mzee Masoud, na kwa mara ya kwanza hakumkaribisha kiti.

Mwisho wa mwezi mashine zikafika. Jioni ya mwisho waoshaji walikunja gambuti zao na kuagana, na Zubeida akauchukua mpira kama kawaida, akamlowesha Tusajigwe kuanzia mgongoni hadi miguuni. Safari hii hakutania chochote. Alipofunga bomba alisogea akamwambia sikioni, "Huko uendako, mwanangu, tafuta tena penye maji." Tusajigwe alimkumbatia, wote wawili wamelowa, akalia begani kwake hadi mlinzi akaja kufunga geti.

Siku ya kuandikisha, mwezi wa sita, alifika hospitali mapema. Jina la Sista Elinaza lilikuwa bado mlangoni, lakini mwenyewe alikuwa semina, Dodoma. Dirishani alikaa karani mgeni, kijana wa adabu.

"Jina halipo, dada. Na faili lako liko kabati la waliopona." Akainua macho, akayapeleka ukutani nyuma ya Tusajigwe, akayarudisha. Akatabasamu. "Ala. Si wewe huyu?"

Lilikuwa bango kubwa, jipya, kutoka kwenye swichi za taa hadi karibu na dari. Tusajigwe amesimama wima, kitenge cha zawadi kimemkaa vizuri kiunoni, anatabasamu. Juu yake pameandikwa kwa zambarau: NIMEPONA.

"Mngoje Sista, Alhamisi anarudi," alisema kijana. "Au kaa hapo kwanza nimpigie. Karibu ukae."

Mkabala na bango palikuwa na benchi, na kwenye benchi ameketi msichana wa miaka kama kumi na tisa, amekunja miguu, nje ya chumba chenye mizani. Khanga yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alimtazama Tusajigwe, akalitazama bango, akamtazama tena.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mie."

"Naitwa Jovina. Naruhusiwa leo, nikifaulu. Mume wangu yuko pale nje." Alishusha sauti. "Mie langu lilikuwa baya, wamenirudia mara mbili. Hiyo picha naiangaliaga kila siku. Ni kweli mtu anapona kabisa?"

Chupa ya maji aliyogawiwa na wodi ilikuwa kando yake, imejaa, kifuniko hakijaguswa. Midomo ya Jovina ilikuwa imekauka, imepasuka katikati, na akiongea ulimi ulikuwa unagandia.

"Mbona hunywi?" aliuliza Tusajigwe.

Jovina aliutazama mlango wa chumba cha mizani. "Nangoja wanipime kwanza."

Tusajigwe aliichukua ile chupa. Akaifungua, akamnyooshea.

"Kunywa, mdogo wangu."

Jovina hakuipokea. Aliinua macho, akayapitisha juu ya mkono wa Tusajigwe, juu ya bega lake, akayaweka kwenye lile tabasamu ukutani. Kisha akajisogeza pembeni kwa adabu, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Karibu ukae, dada," alisema. "Utachoka."

Tusajigwe alibaki amesimama, chupa mkononi, na ndani mhudumu akaliita jina la Jovina.